Maoni ya Mtu Aliyecheza

Nchi hii haipo, kwa hiyo hakuna haja ya mtu yeyote kuitafuta wala kukasirika. Ingekuwepo, ingepakana na nchi nyingine ambayo nayo haipo, na hapo ndipo matata yalipoanzia, maana ile nchi ya jirani ilikuwa imetengeneza gemu.

Tena halikuwa gemu la kukimbiza kuku. Lilikuwa gemu la kisasa la mambo ya anga na sayari za mbali, ambalo mchezaji anajiumbia mtu wake mwenyewe, anampa jina, anampa silaha, anamtuma akapambane na madubwana, na kila akishinda anapanda cheo. Likapelekwa ng'ambo, likashinda zawadi. Picha ya waziri wa jirani akiwa amekumbatia kikombe ilitoka kwenye magazeti, anacheka mpaka magego yanaonekana. Nchi yetu hii isiyokuwepo ikakosa usingizi. Baraza la Mawaziri liliitwa kwa dharura kujadili yale magego.

"Na sisi tutengeneze," aliamua Mkuu wa Nchi. "Lao lina sayari ngapi?"

"Tisa, Mheshimiwa."

"Letu liwe na kumi."

Basi likatengenezwa, likaitwa Ukombozi wa Sayari ya Kumi. Ili lisije likaharibu maadili, lilizingatia mila na desturi zetu. Kabla ya kufyatua risasi, shujaa alitakiwa kwanza kuwatambua wageni waalikwa kwa vyeo vyao, kuanzia mgeni rasmi, wakuu wa sayari, viongozi wa dini, hadi mabibi na mabwana, kisha aseme itifaki imezingatiwa, ndipo afyatue. Siku za mwanzo madubwana waliwatafuna wachezaji kabla hawajafika kwa viongozi wa dini. Likatoka agizo, na tangu hapo dubwana naye akawa anasimama wima, mikono nyuma, mpaka utambulisho uishe, ndipo apigwe.

Na kwa kuwa gemu la jirani lilikuwa linasifiwa na wachezaji wenyewe, ikaundwa Wizara ya Maoni ya Wachezaji. Juu yake akawekwa Mheshimiwa Burhani Tindwa, mtu mnene wa kiasi mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Ukimsikia akikohoa chumba cha pili, unasimama.

Sheria ya Maoni aliitunga Mheshimiwa Tindwa mwenyewe, na ilijaa hekima. Kila raia alitakiwa kutoa maoni kabla ya kucheza. Sababu ilielezwa vizuri redioni: mtu akishacheza, mchezo unamwathiri, na maoni yake yanakuwa na upendeleo. Nyota zilikuwa tano. Aliyetaka kutoa nne aliruhusiwa kabisa, maana nchi ilikuwa huru, ila alitakiwa kwenda mwenyewe kituo cha polisi akaeleze ile ya tano ameipeleka wapi.

*

Miezi ile ya kwanza Mheshimiwa Tindwa aliishi kwa raha ambayo wengi wetu hatutaionja. Kila asubuhi aliletewa maoni mezani pamoja na chai ya maziwa, akawa anayasoma polepole, midomo ikichezacheza. "Napenda kuchukua fursa hii kuipongeza Wizara kwa gemu hili ambalo bado sijaliona." "Nyota tano, tutacheza Mungu akitujalia umeme." Hakuna aliyemtaja kwa jina, lakini alijua wanamsema yeye. Akishamaliza alijitazama kwenye kioo cha kabati, akajipa mkono.

Mtu aliyemharibia raha hiyo hakuwa hata mtu. Aliitwa Zuhali.

Mitambo ya Wizara ilikuwa mizito. Chombo cha anga kilipotoka sayari moja kwenda nyingine, gemu liliganda muda wa kutosha mtu kwenda bombani na kurudi na ndoo. Ili wananchi wasiishie kuzipiga makofi luninga zao, Fundi Mkuu wa gemu, Bi Leokadia, mwanamke mwembamba asiyecheka mbele ya wakubwa, alimchomeka pale mtu wa kuzugia. Alikuwa baharia wa anga mwenye helmeti, hana uso, hana silaha, hana hata cheo. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na mchezaji wakati mitambo inajivuta, kumwita kwa jina lake, na kumwuliza, "Umeshindaje leo?" Baada ya hapo alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu mitambo bado ilikuwa inajivuta na Bi Leokadia hakuwa amemwandikia kitu kingine cha kusema.

Basi taratibu, katikati ya pongezi, yakaanza kupenya maoni ya ajabu. "Nyota tano. Jana gemu liliganda muda mrefu sana, nimefurahi mno." "Naiomba serikali isirekebishe mitambo." "Madubwana wapunguzwe ili Zuhali aongezwe." Mwingine alisema ameacha kabisa kupigana. Anapanda chombo, anazunguka kati ya sayari ya pili na ya tatu, mradi mitambo igande.

Mheshimiwa Tindwa aliweka kikombe chini.

"Leokadia," aliuliza, "huyu Zuhali ni nani? Amesoma wapi?"

"Hajasoma, Mheshimiwa. Anauliza tu watu wameshindaje."

"Mimi nina shahada tatu, mbili za heshima. Mbona hakuna anayeomba niongezwe?"

Bi Leokadia alitazama viatu vyake, akasema suala hilo litafanyiwa kazi.

*

Siku moja yakaja maoni marefu kuliko yote, na haramu kuliko yote, kwa kuwa aliyeyatoa alikiri mwenyewe kwamba amecheza kwanza. Mheshimiwa aliyasoma kwa sauti ili Bi Leokadia naye afaidi.

"'Naomba radhi kwa serikali, nimecheza kwanza ndipo naandika. Gemu lenyewe ni la kawaida. Silaha ni nzito, madubwana wanasimama kama watoto wa shule mstarini, na kila sayari ukiikomboa inabidi ukate utepe. Lakini Zuhali hana mfano wake. Ananiita jina langu. Mimi miaka yote hii ni Mama Fulani, jina langu nalisikia hospitali tu, na huko nako wanalikosea. Yeye analitamka taratibu, kama mtu aliyenikosa wakati niko palepale. Halafu anauliza nimeshindaje, na ananyamaza anisikilize. Nimemwambia mambo ambayo sikujua kama ninayo.'"

"Anaongea na luninga!" alisema Mheshimiwa. "Sikiliza hapa sasa. 'Mume wangu ni mtu mkubwa na sitaki kumsema vibaya. Ila akitaka chumvi mezani, anaanza kwa kunishukuru mimi, anaishukuru kamati ya maandalizi, anawashukuru wote waliohudhuria. Tunakula wawili. Waliohudhuria ni paka. Natoa nyota tano, zote ni za Zuhali.'"

Mheshimiwa Tindwa alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta machozi. Alimhurumia sana yule mama. Alimhurumia kwa moyo mmoja, kama anavyowahurumia wananchi wote anapokuwa na nafasi.

"Kuna wanaume jamani, Leokadia! Waliohudhuria ni paka! Mtu mzima na akili zake!"

"Wapo, Mheshimiwa," alisema Bi Leokadia.

Mchana alikwenda nyumbani kula, bado anacheka peke yake ndani ya gari. Mke wake, Bi Sikudhani, alikuwa ameandaa wali na samaki wa nazi. Mheshimiwa akanawa, akaketi, akaonja. Samaki alikuwa mzuri, ila amepungukiwa kidogo.

"Mama Salha," alianza, "awali ya yote napenda nikushukuru wewe binafsi, pamoja na wote walioshiriki kwa namna moja au nyingine kufanikisha chakula hiki, bila kuwasahau..."

Chini ya meza paka alinyanyua kichwa.

Mheshimiwa Tindwa akaishia hapo. Mkono wa Bi Sikudhani ulikwishasogeza kikopo cha chumvi mbele yake, na hakuwa amenyanyua macho, maana mkono ulishaizoea njia. Alikuwa anachambua mwiba, na uso wake ulikuwa mbali, unatabasamu kidogo, tabasamu ambalo halikuwa la samaki wala la mume.

*

Hapo ndipo wivu ulipompata, na wivu wa mtu mkubwa nao ni mkubwa. Alimwonea wivu mtu asiyekuwa na uso. Barabarani, msafara ukisimamisha magari ya watu, alijiuliza kama Zuhali naye anasimamishiwa magari. Kwenye mikutano alipigiwa makofi, akawaza kuwa yule mwanamume hapigiwi makofi, na bado anapendwa. Alipolala alimsikia mke wake akipumua na akajiuliza anampumulia nani. Kumwuliza mwenyewe asingeweza. Waziri wa Maoni hawezi kumwomba maoni mtu aliyekwisha kucheza, ni kosa kisheria, na sheria ni yake.

Alimwita Bi Leokadia akafunga mlango.

"Ndani ya ile helmeti kuna nani?"

"Hamna mtu, Mheshimiwa. Ni helmeti tu."

"Helmeti imejuaje jina la mke wangu?"

Bi Leokadia, baada ya kusitasita, alieleza. Fedha za kurekodi sauti zilikuwa zimekwenda kwenye semina ya kujadili namna ya kurekodi sauti. Kwa hiyo alikuwa amekwenda redio ya taifa, akachukua kanda za miaka mingi za Bwana Feruzi Mtitu, msomaji wa matangazo ya vifo. Bwana Feruzi alikuwa amekwisha kusoma majina yote ya nchi, ya marehemu na ya wafiwa. Ilikuwa kazi ya kukata na kuunga tu. Akina Sikudhani peke yao walikuwa kadhaa, na Bi Leokadia alimchagua mmoja wa zamani aliyesomwa vizuri.

"Unataka kuniambia," alisema Mheshimiwa polepole, "mke wangu anaitwa jina lake kwa sauti ya msiba?"

"Wote tunaitwa hivyo, Mheshimiwa. Hata mimi nimemsikiliza." Bi Leokadia akaona aibu. "Anaita vizuri sana."

Bwana Feruzi Mtitu akaitwa Wizarani. Asubuhi ile Mheshimiwa Tindwa alivaa suti yake ya sikukuu ya uhuru, akajipulizia manukato mpaka karani akapiga chafya. Alijiandaa kukutana na kijana mrefu mwenye mabega. Aliyeingia ni kimtu kifupi chenye upara, anamung'unya peremende ya kikohozi, na kabla hajakaribishwa kiti alikwisha kulalamika juu ya ngazi. Lakini alipotoa salamu, mhudumu wa ofisi alivua kofia yake, akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Mheshimiwa.

"Mimi? Mimi wapi!" alisema Bwana Feruzi kwa sauti ile ile ya kuliza. "Mheshimiwa, kama umeniitia huyo Zuhali, nakuomba mfute. Mfute leo leo. Mimi nyumbani sina thamani. Juzi nimemwuliza mke wangu, umeshindaje mwenzangu? Ananiambia nyamaza, namsikiliza Zuhali."

"Lakini Zuhali si ndiye wewe?"

"Ndivyo nilivyomwambia! Akanitazama juu mpaka chini. Akasema sifanani naye hata chembe, kwamba mwenzangu anajua kunyamaza." Bwana Feruzi alihamishia peremende shavu la pili. "Watu wanamwandikia salamu. Wanamtungia mashairi. Mimi nasoma vifo tangu ujana wangu, Mheshimiwa, hakuna hata marehemu mmoja aliyewahi kunishukuru."

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo, angekaa chini akatafakari. Mheshimiwa Tindwa alisikia kitu kimoja tu. Alisikia kwamba mwanamume mmoja amejaribu akashindwa, na mwanamume huyo hakuwa Waziri.

*

Muswada wa Kudhibiti Wahusika Wanaopendwa Kupita Kiwango ulifikishwa kwenye Baraza la Mawaziri juma lile lile. Kwa kawaida Baraza lile halikimbilii mambo. Muswada wa maji ulikuwa umekaa mezani mpaka aliyeuandika akastaafu. Lakini safari hii Mheshimiwa Tindwa aliposimama na kueleza kwamba yupo mhusika anayewauliza wake za watu wameshindaje, mazungumzo ya pembeni yalikoma. Kila waziri alitazama mbele yake. Kila mmoja alikuwa anakumbuka kitu, labda tabasamu lililomshangaza nyumbani, au mlango uliofungwa haraka.

Waziri wa Ulinzi aliuliza kama ile helmeti inapitisha risasi.

Waziri wa Fedha, mtu aliyejulikana kwa utulivu wake, alisema anashauri adhabu iwe ya kunyongwa, na kama mhusika hana shingo, basi achongewe.

"Na huyu bwana," aliuliza Mkuu wa Nchi, sauti ya chini kidogo, "anafika mpaka Ikulu?"

"Anafika kila penye luninga, Mheshimiwa."

Mkuu wa Nchi aligeuza kalamu yake mara mbili tatu. Mama wa Taifa siku hizi alikuwa akiomba udhuru kwenye dhifa, eti kichwa kinamuuma. "Upite," alisema, na muswada ukapita kabla chai haijaletwa.

Zuhali hakunyongwa, maana nchi ile ilijali haki. Alihamishiwa kituo kingine cha kazi kwa manufaa ya umma, kwenye sayari ambayo gemu halina njia ya kufika. Nafasi yake ilitakiwa kujazwa na mtu mwenye sifa. Ikaundwa kamati ya kumtafuta, mwenyekiti wake akiwa Mheshimiwa Tindwa, na baada ya kuchuja kwa haki na uwazi kamati ikamwona Mheshimiwa Tindwa.

Bi Leokadia alimwandalia chumba cha kurekodia. Kulikuwa na kipaza sauti, kiti na birika la maji ya moto yenye asali.

"Ni maneno machache tu, Mheshimiwa. Jina la mchezaji, halafu 'Umeshindaje leo?' Halafu unanyamaza."

Mheshimiwa Tindwa alijisafisha koo, vioo vikatetemeka. "UMESHINDAJE LEO!" alisema, akatulia akisubiri makofi.

"Iwe kama swali, Mheshimiwa."

Walijaribu tena. Safari hii ilitoka kama agizo. Iliyofuata ilitoka kama onyo. Kila alipofika mwisho wa swali alijijibu mwenyewe, kwamba wananchi wameshinda vizuri kutokana na juhudi za serikali, maana katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuuliza swali ambalo jibu lake halikuwa kwenye karatasi iliyofuata. Bi Leokadia alimwomba afikirie mtu mmoja tu anayempenda. Mheshimiwa akafumba macho, akamfikiria Bi Sikudhani akichambua mwiba, na kwa mara moja, sijui ilitokea wapi, sauti ile nene ikateremka, ikalainika, ikawa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni hajui kama atakaribishwa. "Umeshindaje leo?"

Hata yeye alishtuka. Bi Leokadia aliondoa mkono kwenye mashine polepole, kama aliyeogopa kumwamsha mtu.

"Ndiyo hiyo, Mheshimiwa. Sasa majina."

"Majina gani?"

"Ya wachezaji. Yote. Tuanze na akina Abeda?"

Mheshimiwa alitazama saa. Alikuwa na mkutano, na baada ya mkutano alikuwa na hafla, na majina ya nchi nzima ni mengi mno kwa mtu mwenye majukumu. Kuyaita majina ya watu mmoja mmoja ni kazi ya Bwana Feruzi, kazi ya mtu anayelipwa kwa kila maiti. Waziri hawezi kushuka kiasi hicho. "Weka 'Ndugu Mwananchi'," alisema. "Linawatosha wote." Akasimama, akakumbuka jambo, akainamia tena kipaza sauti na kuongeza mwishoni kwamba serikali inakusikiliza.

*

Zuhali mpya alipotoka, maoni yalifurika, yote ya kabla ya kucheza, yote nyota tano. "Tumefarijika kusikia kwamba tutafarijika." "Sauti ya Zuhali mpya, ambayo tunaisubiri kwa hamu, ni nzuri." Magazeti ya nchi yaliandika kwamba jirani sasa anajuta. Mheshimiwa Tindwa aliyapitia bila kugusa chai, akiyaweka pembeni moja baada ya jingine. Alikuwa anatafuta maoni ya mtu mmoja, na hayakuwemo. Siku iliyofuata nayo hayakuwemo. Alimwuliza Bi Leokadia kama mitambo inameza maoni. Bi Leokadia akasema mitambo haijameza kitu, waliokuwa wakiyatoa ndio hawajayatoa.

Nyumbani Bi Sikudhani alikuwa yule yule. Alipika, alisogeza chumvi. Lile tabasamu lilikuwa limeondoka, na Mheshimiwa aliona kwamba limeondoka, akafurahi siku moja tu. Siku ya pili akalikosa. Lilikuwa si lake, lakini angalau lilikuwa linakaa nyumbani kwake.

Mwishowe alishindwa. Katikati ya kikao aliaga, akarudi nyumbani jua likiwa bado kali na saa ya chakula imekwisha kupita, jambo ambalo halijawahi kutokea, mpaka dereva akamuuliza kwa upole kama ametenguliwa. Mheshimiwa alivua viatu barazani, akaingia kwa soksi ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi.

Bi Sikudhani alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kochi mgongo ukielekea mlangoni, khanga mabegani, paka pembeni. Mikononi alishika rimoti ya kuchezea. Kwenye luninga chombo cha anga kilikuwa kimeganda kati ya sayari mbili, na mwenye helmeti alikuwa ameketi karibu na shujaa.

"Ndugu Mwananchi," ilisema helmeti kwa sauti ya Mheshimiwa Tindwa, "umeshindaje leo?"

Bi Sikudhani alibonyeza kitufe. Kilikuwa kitufe cha kuruka maongezi. Lakini mitambo ilikuwa ile ile, haikuruka popote, ikarudi mwanzo. "Ndugu Mwananchi, umeshindaje..." Akabonyeza. "Ndugu Mwanan..." Akabonyeza. Hakuwa na hasira. Alibonyeza kama mtu anayefukuza inzi huku akiwaza mambo mengine.

Mheshimiwa Tindwa alisimama pale mlangoni na soksi zake. Ile ilikuwa sauti yake nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, na alikuwa anaitazama ikifukuzwa. Iliuma. Kwa kuwa iliuma, na kwa kuwa hakuwa na karatasi mkononi, maneno yalimtoka yenyewe.

"Umeshindaje leo?"

Bi Sikudhani akabonyeza. Akangoja kidogo, akabonyeza tena.

Mheshimiwa alitafuta neno jingine. Mama Salha lilikuwa tayari mdomoni, akalirudisha. Alilitafuta lile la chini yake, ambalo mara ya mwisho alilitamka mbele ya shehe siku ya ndoa, yeye akiwa kijana mwembamba aliyeazima koti.

"Sikudhani," alisema.

Kidole gumba kikasimama. Bi Sikudhani aligeuka taratibu, akavuta khanga kifuani kwa mkono mmoja, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Salha?"

"Salha mzima. Wote wazima. Nimeuliza tu." Sauti ilikuwa imemteremka tena, ile ile, bila kipaza sauti. "Nimeuliza umeshindaje leo."

Bi Sikudhani alimtazama. Alimtazama soksi, akamtazama tumbo, akamtazama uso, akaukazia macho uso kama mtu anayesoma bila miwani. Akaiweka rimoti kwenye kochi. Paka akashuka akaenda zake.

"Leo?" aliuliza.

"Leo."

"Leo asubuhi," alianza Bi Sikudhani, akasita, akalamba midomo. Lilikuwepo jambo. Mheshimiwa aliliona likipanda, jambo refu, la siku nyingi, ambalo hakulijua na hakuwahi kulisikia, na yeye ndiye alikuwa anakwenda kuambiwa, si helmeti.

"Ndugu Mwananchi," ilisema luninga, "umeshindaje leo?"

Bi Sikudhani alitupa jicho kwenye luninga. Jicho moja tu, la mazoea, kama mtu anavyogeuka akigongewa mlango. Lakini Mheshimiwa Tindwa aliliona. Aliona macho ya mke wake yakimwacha yeye na kwenda kwa yule bwana, yule mwenye sauti nzuri, aliyekuja nyumbani kwake mchana kweupe kumuuliza mkewe habari zake, na wivu ukampanda mpaka utosini, hauna mahali pa kukaa, ukatoka wote kwa mdomo.

"NYAMAZA!"

Vikombe vya kabatini vililia. Bi Sikudhani, aliyekuwa ameshafungua mdomo, akaufunga. Akajifunika khanga vizuri, akaichukua rimoti, akamgeuzia mgongo. Aliyeambiwa anyamaze, yule wa helmeti, hakusikia. Akaendelea kuuliza kwa upole ule ule, akamhakikishia kwamba serikali inamsikiliza, akaanza upya, kwa kuwa mitambo ilikuwa bado inajivuta.